Ng'ombe Niliowasimamisha Ukutani

Nimestaafu juzi juzi tu, na tayari nimegundua kwamba kukaa nyumbani ni kazi ngumu kuliko ile niliyoiacha. Mke wangu ananivumilia kama mgeni mpaka saa nne asubuhi, halafu ananiuliza leo ninakwenda wapi. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Ninyi vijana mliobaki na ufunguo wa ua wa rangi mliniomba niwaachie maneno mawili matatu. Siku ya kuniaga nilipewa nafasi ya kusema baada ya soda na kabla ya pilau, watu wote wakiwa wanatazama sufuria, nikasema ovyo. Hapa nitajaribu kusema vizuri.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ninyi mnaijua, na kwa wengine inatosha kusema kwamba iko katika mkoa wetu wa Singida, na kwamba nyuma yake kabisa, ukishapita jiko, kuna wodi ndogo ya wagonjwa wa akili yenye ua wa ukuta mrefu. Vyeo na mishahara navyo naviacha. Cheo kilikuwa kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, na mshahara ulikuwa na aibu, haukupenda kutajwa.

Mimi sikuingia pale kuhudumia mtu. Niliingia kupiga rangi. Nilizaliwa Kilimatinde, nikasoma mpaka kidato cha nne, na matokeo yangu yakanishauri nitafute ufundi. Nikajifunza rangi Manyoni kwa fundi mmoja mkali sana ambaye alipita nyuma ya kila mwanafunzi na kitambaa mkononi, akifuta michirizi. Kwake, kazi haikuwa imekwisha mpaka mtu asijue brashi ilianzia wapi na ikaishia wapi. Somo hilo lilinipa ugali kwa miaka mingi. Pia ndilo lililoniharibia kazi yangu ya pili, kama mtakavyoona.

Siku ya kwanza pale wodini nilikuwa na kopo la rangi ya mafuta ya kijivu. Mnajua zile kuta: kijivu kuanzia sakafuni mpaka begani, nyeupe juu yake. Nilikuwa nimemaliza ukuta mmoja, umetulia kama maji ya bakuli, nikaenda kunywa chai jikoni. Niliporudi nilimkuta mgonjwa mmoja, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajaugua, ameshika brashi yangu. Katika ile sehemu nyeupe ya juu alikuwa amechora duara kubwa la kijivu, na ndani yake duara jingine, na jingine ndani ya hilo, mpaka katikati akabaki na nukta. Rangi ilikuwa inatiririka mpaka kwenye kiwiko chake.

Nilichukua kitambaa nifute kabla haijakauka. Sauti ikanisimamisha kutoka mlangoni.

"Fundi, usiguse."

Huyo alikuwa Sista Tabitha, muuguzi mkuu wa wodi. Mnyiramba wa Kiomboi, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Sista, hii ni rangi ya mafuta. Ikikauka haitoki."

"Basi vizuri. Isitoke. Huyu tangu aje hapa hajashika hata kijiko, tunamlisha kama mtoto. Leo ameshika brashi."

Mwalimu yule alisimama mbele ya maduara yake mpaka chakula cha mchana, na chakula kilipofika akala mwenyewe. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, nikaona kwa macho yangu. Sikuelewa, na nilikuwa bado nimekasirika kuhusu ukuta. Lakini kazi ilipokwisha Sista akaniuliza kama ningependa kubaki. Karatasi ilisema mhudumu wa wodi. Yeye alisema nitakuwa mtu wa rangi. Nikadhani nimepata kazi ya kivulini.

Tuliuchukua ukuta wa uani. Tulipaka chokaa, tukaweka juu yake mabati yaliyobaki kwenye paa la jiko ili mvua isiufikie. Rangi za dukani hazikuwa na fungu la fedha, kwa hiyo tukageukia ardhi. Udongo mwekundu tuliuchimba kwenye kichuguu, mweupe tuliutoa korongoni, mweusi ni mkaa uliosagwa, na kijivu ni majivu ya jikoni yaliyochekechwa. Mwanzoni tulichanganya na uji wa mtama ili rangi ishike. Ilishika vizuri, lakini mbuzi wa jirani waliingia uani wakalamba michoro ya wiki nzima. Mgonjwa mmoja aliyekuwa utingo wa lori alisema hao ndio wageni wa kwanza walioithamini kazi yetu. Baada ya hapo tukahamia gundi ya mti wa mgunga, iliyolowekwa usiku kucha. Mbuzi hawaitaki. Endeleeni nayo.

Brashi tulitengeneza kwa katani iliyopondwa na kufungwa kwenye kijiti. Zihesabuni zikitoka na zikirudi. Sababu yake sitaieleza, ila muulizeni daktari wa upasuaji aliyekuwapo wakati ule.

Sista alikuwa na sheria zake. Ya kwanza, usimwulize mtu "Hii ni nini?" Mtu akiulizwa hivyo anaona amefanya mtihani. Kaa pembeni, safisha makopo, atasema akitaka. Ya pili, kazi ya ukuta ifanyike asubuhi, kabla dawa hazijalegeza mikono. Ya tatu, kila mtumishi mpya lazima achore kwanza yeye mwenyewe, wagonjwa wakimtazama. Zamu yangu ilipofika nikaandika KARIBU kwa herufi zenye kivuli, safi kabisa, kama mlango wa hoteli. Wagonjwa wakapiga makofi. Sista akatazama, akasema, "Hilo ni bango. Wewe mwenyewe uko wapi hapo?" Nikacheka. Kwa miaka mingi sikutafuta jibu. Siku hizi nachora kwenye ukuta wa banda la kuku, nyumbani. Sitasema nachora nini. Kuku wanajua.

Nilichokiona taratibu pale uani ni kitu rahisi. Mtu ana jambo ndani yake, halina jina, linazunguka usiku na mchana kama mbwa aliyefungiwa. Akipata udongo na mkaa, anaweza kulitoa likakaa ukutani, mbali naye hatua moja, na yeye akakaa chini akalitazama. Haliondoki kabisa. Lakini sasa wako wawili, yeye na hilo jambo, na wanaweza kutazamana. Yule utingo alichora barabara moja tu, kila siku barabara ileile, mpaka siku moja akaichora ajali yenyewe. Akaichora mara moja, hakurudia. Mzee mmoja aliyekuwa askari alichora milango tu, yote imefungwa, na miezi ikapita kabla hajachora mmoja ulio wazi kidogo. Hakuna aliyewafundisha. Kazi yetu ilikuwa kuchekecha majivu.

Na hapo ndipo nilipokosea mimi, kwa sababu sikuweza kubaki kwenye kuchekecha majivu.

Mkono wangu ulifundishwa kumalizia. Nikiona mstari umepinda, vidole vinawasha. Wagonjwa wakienda kulala, mimi nilibaki uani "kusafisha," kumbe nanyoosha ukuta wa nyumba aliyoichora mtu, naongezea dirisha, natia majani kwenye mti uliokauka. Msichana mmoja aliyeitwa Neema alimchora mama yake bila uso. Mimi nikaweka uso, mzuri, wenye tabasamu. Asubuhi Neema aliutazama, akaondoka, na wiki hiyo hiyo ndugu zake wakaja kumchukua. Sijui alikwenda nyumbani na uso upi kichwani, wa mama yake au wangu. Hilo bado linaniuma, na sina mahali pa kulipeleka.

Kwa kuwa hakuna aliyelalamika, niliendelea. Wageni waliotembelea hospitali walipenda sana ukuta wetu, na walipenda zaidi sehemu nilizozigusa mimi. Sifa ni kitu kitamu. Nilikula nyingi.

Kisha akaja Mzee Ntandu.

Alikuwa Mnyaturu wa upande wa Ikungi, mfugaji, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mrefu na mkavu kama mti wa nguzo. Kaka yake alimleta mwaka ule wa ukame mbaya. Maelezo yalikuwa mafupi: ng'ombe wamekufa, mzee amenyamaza. Mke wake, Mama Hadija, alikuja siku iliyofuata kwa basi, na kikapu cha kuku na mlenda, akakaa naye bila kujibiwa hata salamu. Wakati wa kutoka, Sista alimwita getini. Mimi nilikuwepo, nikiitikia kwa kichwa kama mtaalamu.

"Mama, tunakuomba kitu kimoja. Habari za ng'ombe zisiingie humu. Zitamuumiza."

"Hata kidogo, Sista?"

"Hata kidogo."

Mama Hadija alitaka kusema jambo, akaliacha. Akasema sawa. Alikuwa mtu wa kushika neno, na kila alipopata nauli alikuja, wakazungumzia kuku, majirani, na binti yao Hadija aliyekuwa mjamzito. Yaani yeye alizungumza, na mumewe akatazama magoti yake.

Tabu ya Mzee Ntandu ilikuwa alfajiri. Kabla jua halijachomoza aliamka, akaenda kwenye kitanda cha jirani yake, akashika chuma cha miguuni kwa mikono yote miwili na kukiinua, mgonjwa akiwa ndani. Akiweza anainua, akishindwa anaita watu kwa Kinyaturu waje wamsaidie. Akimaliza kimoja anakwenda kingine. Yule utingo akamwita Winchi, na kwa siku chache wodi ilicheka. Halafu babu mmoja dhaifu alibingirika akaanguka sakafuni, na kicheko kikaisha. Daktari alisema wazi: hali hiyo ikiendelea mpaka mwisho wa mwezi unaofuata, itabidi mzee apelekwe hospitali kubwa ya Dodoma, kwa kuwa sisi hatuna mahali pa kumlaza peke yake. Mama Hadija alipoambiwa, alikaa chini pale pale kwenye baraza. Akaniambia kwamba mtu wa Ikungi akipelekwa Dodoma akiwa hajibu salamu ya mtu, huyo hatamwona tena. Nauli ya huko hana, na mume akiwa mbali hivyo atasahau hata njia ya kurudi.

Kwa hiyo sote tulijua kinachotakiwa. Mzee Ntandu aache vitanda.

Tulimpeleka uani. Siku nyingi alikaa tu. Kisha asubuhi moja akachukua mkaa, akachora ukutani baka kubwa lenye kingo zisizo sawa, jeusi, na ndani yake akaacha sehemu nyeupe kama ramani ya visiwa. Akakaa chini. Kesho yake akachora la pili, jekundu lenye mstari mweupe kati. Kisha la kijivu lenye madoadoa. Alifanya taratibu sana, akirudi nyuma kutazama, akirekebisha doa dogo kama mtu anayekumbuka sura ya mtu. Na kadiri mabaka yalivyoongezeka, vitanda vikapata nafuu. Kwanza alikuwa anainua vitatu, kisha kimoja, kisha anasimama tu miguuni pa kitanda, anashika chuma, anaachia. Mvua ilinyesha hatimaye, imechelewa, watu wote wakatoka nje kuipokea, yeye akajifunika blanketi kichwani. Lakini asubuhi yake alirudi ukutani.

Yalikuwa mabaka tisa alipoacha kuchora. Mimi niliyaona mabaka. Kisha siku moja nikiwa mbali kidogo, nimebeba ndoo, nikaona rangi za ng'ombe, yule mweusi wa tumbo jeupe, yule mwekundu wa mstari mgongoni. Nikafurahi kama niliyegundua dhahabu. Kumbe mzee anachora ng'ombe! Ila hajui kuchora miguu, maskini.

Wiki hiyo tulitangaziwa wageni kutoka mkoani. Nadhani mmeshajua nilichofanya. Jioni moja, peke yangu, nikawapa wote tisa miguu, vichwa, pembe na mikia. Wallahi walipendeza. Lilikuwa kundi zima, limesimama kwenye majani niliyoyachora chini yao. Wageni walipiga picha kwa simu zao, mmoja akaniomba nikamchoree sebuleni kwake.

Alfajiri iliyofuata nilikuwa zamu. Mzee Ntandu aliinua kila kitanda wodini, kimoja baada ya kingine, akilia kwa sauti, akituita tushike. Tulihitaji watu wanne kumtuliza. Daktari alikuja akatazama, akasema gari la Dodoma litakuwapo wiki mbili mbele.

Kulipopambazuka, aliomba kwa ishara apelekwe uani. Nikamfuata. Akasimama mbele ya ukuta, halafu, yeye ambaye hatukuwahi kumsikia akisema neno la Kiswahili, akauliza bila kugeuka:

"Nani kawasimamisha hawa?"

"Ni mimi, mzee. Niliwamalizia."

Nikamwuliza haraka kama kosa ni la kidini, kuchora kiumbe chenye kichwa. Akatikisa kichwa.

"Hawa walikuwa wameshalala," akasema. "Nimewainua kila asubuhi, mimi na mama Hadija na majirani. Huyu anasimama, yule anaanguka. Mpaka mikono ikafa. Mwisho tukawachuna, tukawamba ngozi. Hapa nilikuwa nawalaza mmoja mmoja. Walikuwa wamekubali. Wewe umewaamsha wote kwa siku moja."

Jamani, mimi ni mtoto wa Mgogo. Nimekulia Kilimatinde, katika nyumba ya ng'ombe. Mwaka wa njaa, nikiwa kijana, nilishika mkia wa ng'ombe wa baba kila alfajiri, baba kashika pembe, kwa sababu ng'ombe aliyedhoofika hawezi kunyanyuka mwenyewe, na akibaki chini mpaka jua liwe kali amekufa. Ndivyo yule mzee alivyokuwa akishika vile vitanda. Nilimtazama akifanya hivyo wiki baada ya wiki na sikumwona. Na yale mabaka yalikuwa ngozi, zimewambwa chini kwa vijiti zikauke. Nani kati yetu huku hajui ngozi iliyowambwa ilivyo? Nilikuwa nimeangalia ukuta kwa jicho la mtu wa bango.

Nilimwambia nitafuta yote siku hiyo hiyo. Akaniambia nisiguse.

Akaomba udongo mweupe. Nilimchanganyia mwenyewe, nikauchuja mara mbili. Akaanza na yule mweusi. Alifunika miguu kwanza, taratibu, kisha mkia, kisha pembe, na kichwa akakiacha mwisho. Alipomaliza akaweka kiganja ukutani, juu ya ngozi, akakaa hivyo. Halafu akaenda kulala mchana. Kesho yake akamlaza wa pili. Wengine walimchukua siku nzima, mmoja alimlaza huku akizungumza naye kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, na hapo Sista aliwatoa watu wote uani, mimi pia. Nilisikia tu kupitia mlangoni. Sijui alisema nini na sikupaswa kujua.

Vitanda vilianza tena kutulia. Lakini siku zilikuwa zinakwenda pia, na dereva wa gari alishaulizia mafuta.

Ng'ombe wa mwisho alikuwa mtamba wa kijivu, mwenye doa jeupe begani. Mzee Ntandu alisimama mbele yake asubuhi nzima na brashi haikugusa ukuta. Mwishowe akanipa.

"Huyu mlaze wewe."

"Mzee, mimi nimeshaharibu vya kutosha."

"Wengine niliwaona wakifa. Huyu nilimwacha chini, anapumua, wakanileta huku. Siwezi kumlaza mtu ambaye sikumwona akifa. Mlaze wewe, ndiye uliyemsimamisha."

Nimepiga rangi mabweni, makanisa, msikiti mmoja na ofisi nyingi za kata. Sijawahi kushika brashi nzito kama ile. Nilifunika miguu minne, mmoja mmoja, yeye akiwa nyuma yangu, na nilipofika kichwani nikaona macho yangu yana maji. Siyo kwa ajili ya ng'ombe peke yake. Nilimkumbuka baba, na asubuhi niliyochoka nikaachia mkia. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba niliachia. Nilimlaza yule mtamba polepole kadiri nilivyoweza, na kwa mara ya kwanza niliiacha michirizi ilivyo.

Alfajiri iliyofuata Mzee Ntandu hakuamka. Jua likatoka, uji ukaletwa, ukapoa. Yule babu aliyewahi kuanguka alikaa kitandani mwake akamlinda, akiwakataza watu kupita na viatu. Daktari akaja, akasikiliza pumzi zake, akasema kwa kunong'ona kwamba gari la Dodoma linaweza kusubiri kidogo. Liliendelea kusubiri.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na kila mliponiona nimekaa juu ya ndoo pale uani bila kufanya kitu, mkasema Fundi Yona amezeeka, nilikuwa nafanya nilichojifunza hapo. Kwa hiyo naishia na siku Mama Hadija alipokuja tena.

Safari hii mumewe alimpokea mlangoni. Akaitikia salamu yake. Mama wa watu akashindwa kuendelea na salamu iliyofuata. Mumewe akamshika mkono, akampeleka uani, akamsimamisha mbele ya ukuta, akimwachia aone.

Mama Hadija alizitazama ngozi zile tisa. Kisha akageuka kumtazama Sista Tabitha, kwa sababu alikuwa ameahidi. Sista akamwambia, "Sema, mama. Tulikosea sisi."

Akaanza kuwataja. Aliwataja kwa Kinyaturu, mimi nikashika nusu: Wingu, Karani, Mama wa Nyumba, yule wa mahari ya shangazi. Hakuna mwenye kichwa wala pembe, na hakukosea hata mmoja. Kila jina likitajwa mumewe anaitikia, kama tunavyoitikia msibani. Alipofika kwa wa mwisho, yule mtamba wa kijivu, akanyamaza.

"Na huyu?" mumewe akauliza.

"Huyu simtaji hapa."

"Kwa nini?"

"Baba Hadija, huyu yuko nyumbani. Ulipoondoka tulimwinua na majirani, siku zote, mpaka mvua ikaja. Sasa anakula majani ya nyuma ya nyumba na ameniharibia alizeti. Nilikatazwa kukwambia."

Sista aliangalia chini. Alikuwa mwanamke mwenye kujua kazi yake kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye, na katika hili alikosea pamoja na mimi, nikaona ni heshima kidogo. Kisha akanigeukia akasema kwa sauti yake ile ya bondeni, "Fundi, ng'ombe mmoja, umemkosea mara mbili."

Ilikuwa kweli. Nilimsimamisha nilipotakiwa kumwacha, nikamlaza akiwa mzima.

Mzee Ntandu alikuwa ameshainama kwenye makopo. Akachukua mkaa. Akachora: mguu wa mbele, mguu wa mbele wa pili, wa nyuma, wa nyuma. Alichora kichwa kama kibuyu na pembe mbili zisizolingana. Mama Hadija akacheka huku anafuta machozi na upande wa kanga, akasema mbona ng'ombe wake amekuwa na pembe za mbuzi. Mumewe akamwambia anyamaze, bado hajamaliza, na akaongeza mkia.

Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa mfupi. Ulining'inia hewani, haukufika chini, ng'ombe mzima akaegemea upande kama meza ya kilabuni. Ningeweza kuurekebisha kwa mstari mmoja. Mkaa ulikuwa karibu na mguu wangu. Mzee Ntandu akarudi nyuma, akautazama, akaridhika, akatutazama sisi mmoja mmoja.

Nikatia mikono mfukoni.